Kunde za Mchoma Chokaa

Miaka miwili mitatu kabla ya Wadachi kuja kutundika bendera yao Bagamoyo, wanaume wa mtaa wa Dunda hawakuwa wakila mchana majumbani mwao. Wakitoka kuswali adhuhuri, kila mmoja alipita kwake, akapokea mlangoni chano chake cha mti kilichofunikwa kawa la ukili, akakipeleka barazani kwa Mzee Msabaha. Huko vyano vilipangwa juu ya jamvi, makawa yakafunuliwa, na kila mkono ukaenda ulikopenda. Huyu kaleta wali na mchuzi wa papa, yule ugali wa mtama na kisamvu, mwingine muhogo mtupu kwa sababu siku hiyo hali haikuwa nzuri. Hakuna aliyeuliza. Chakula kikishafika pale kilikuwa cha wote, na mwenye muhogo alikula wali bila haya, maana kesho mambo hugeuka.

Rehani mchoma chokaa alikula pale miaka kumi na minane. Alikuwa mtu mrefu, nyusi zake nyeupe kwa vumbi la chokaa kabla ya uzee kuzifikia, viganja vimepasuka kama udongo wa kiangazi. Hakuwa msemaji. Wenzake wakichekesha, alicheka. Wakimuuliza jambo, alijibu "si haba," akanyamaza. Lakini mkewe, Dija, alikuwa mpishi, na chano cha Dija kilimsemea mumewe. Watu walimpenda Rehani bila kujua kwamba sehemu kubwa ya mapenzi hayo ilikuwa chini ya kawa.

Dija alikufa kwa homa mwishoni mwa masika. Walikuwa wamezaa watoto wawili, na wote waliwazika wachanga. Dada pekee wa Rehani aliolewa Fukayosi, mwendo wa siku nzima, ana wajukuu wa kulea na shamba la kulinda dhidi ya ngedere. Basi majirani walimletea chakula mpaka arobaini ilipopita, kisha kila mtu akarudi kwenye chungu chake. Ndivyo dunia ilivyo, wala Rehani hakumlaumu mtu.

Akarudi barazani mikono mitupu.

"Karibu, karibu! Jongea hapa, usikae kama umekuja kudai," alisema Mohamedi, muuza samaki, ambaye hata kwenye msiba hakosi la kuchekesha.

Walimpa nafasi, wakamnawisha. Kwa siku mbili yote yalikuwa kama zamani. Siku ya tatu palikuwa na kichwa cha samaki, changu, juu ya wali. Sasa, kwa watu wa baraza ile, kipande kizuri mtu hajichukulii. Hubaki katikati, wote wakikizunguka kama hawakioni, mpaka mmoja akisukume kwa ncha za vidole upande wa mgeni. Rehani aliona kichwa kile kinakuja upande wake. Akakirudisha. Kikaja tena.

"Kula, Rehani, kula," akasema Mzee Msabaha kwa upole.

Rehani akakitazama. Katika miaka kumi na minane hakuna aliyewahi kumsukumia kipande, kwa kuwa alikuwa mwenyeji, na wenyeji hawasukumiani. Siku ile alifahamu kwamba watu wake, kwa wema wao wote, wamemfanya mgeni. Alikila kile kichwa, maana kukataa ni utovu wa adabu, lakini kilimkaa kooni kama kina miiba mara mbili. Kesho yake hakwenda.

"Umetukimbia?" Mohamedi alimuuliza njiani.

"Kazi nyingi. Tanuri haliachiki."

Kazi kweli ilikuwako. Wenye mali wa mjini walikuwa wakijenga nyumba za mawe, na chokaa ilitakiwa kila siku. Rehani akawa anakula huko huko kwenye tanuri, karibu na mikoko: muhogo wa kuchoma, tende, mkate wa mofa wa kununua sokoni. Alijifunza kwamba kula peke yako ni kazi kama kazi nyingine. Unaanza, unamaliza, unanawa, na hakuna ajuaye kama umeshiba.

Watu walimwambia aoe. Alisikiliza, akaitikia, na hakwenda kuposa, kwa sababu moyo wake ulikuwa haujarudi kutoka makaburini. Yeye alitaka kitu kimoja: kutoka mlangoni kwake na chano chenye chakula kilichotoka jikoni kwake, akakae barazani na asisukumiwe kipande. Basi. Na kwa kuwa nyumbani hapakuwa na mtu mwingine, siku moja asubuhi alikaa mbele ya mafiga matatu ya Dija, akatia kuni, akateleka wali.

Kuni alizitia kama mchoma chokaa. Moto ulipanda mpaka kwenye dari, chungu kikalia, na kabla hajajua la kufanya, wali wa chini ulikuwa mkaa na wa juu mawe. Moshi ukajaa uani. Akasimama amekishika chungu kwa kitambaa, macho yanamtoka machozi, ndipo aliposikia sauti ya mwanamke upande wa pili wa ua wa makuti.

"Jirani! Unapika, au umehamishia tanuri nyumbani?"

Alikuwa Mwanvita, dada yake Mwinyijuma mshona kanzu. Mwanvita aliolewa mara mbili na kuachwa mara mbili, na mwaka wa sita huo alikuwa akikaa kwa kaka yake, akimpikia. Jiko lake na la Rehani yalipakana, katikati ua ule tu. Walikuwa wameamkiana njiani labda mara mia, na mengine zaidi ya maamkio hawakusema.

"Napika, bibi," Rehani akasema, na aibu ikamshika hata akatazama chini kana kwamba anaonekana.

"Kimeungua?"

"Kimeungua."

"Usikoroge! Ukikoroga, umeutia moshi wote. Chota wa juu taratibu, uhamishie chungu kingine, ukoko uache ulipo. Tia kitunguu kilichokatwa vipande viwili juu yake, ufunike. Harufu itapungua. Haitakwisha, lakini itapungua."

Rehani alifanya hivyo. Aliula wali ule, nusu mbichi, na ulikuwa na harufu ya kitunguu na moshi. Kesho yake asubuhi alikaa tena mbele ya mafiga, akakohoa kidogo kwa makusudi.

"Nakusikia," ilisema sauti. "Leo tutie kuni mbili tu. Moto wa chokaa na moto wa chungu si ndugu."

Hivyo ndivyo mafunzo yalivyoanza. Yalikuwa ya asubuhi, Mwinyijuma akiwa amekwenda sokoni na sindano zake, kabla Rehani hajaenda kwenye tanuri. Hawakuonana. Rehani alisikia mchi wa Mwanvita kinuni na bangili zake, naye Mwanvita alimsikia Rehani alivyokosea. Alikuwa na masikio ya ajabu yule mwanamke. Kwa mlio wa chungu tu alijua maji yamekauka.

"Mchele uchambue sasa hivi, jua likiwa bado halijawa kali. Ukiuchambua jikoni gizani utawavunja watu meno. Umekuna nazi?"

"Nakuna."

Hapo Rehani alijibu kwa sauti ndogo. Mwanamume kupika si ajabu. Kwenye harusi na hitima wanaume ndio wanaokoroga vyungu vikubwa uwanjani, kwa kelele na jasho. Lakini kukaa juu ya mbuzi, kile kigoda chenye ulimi wa chuma, na kukuna nazi moja ya chakula cha nyumbani, hilo mwanamume wa Dunda hakulifanya, na kama alilifanya alifunga mlango kwanza. Rehani alikuwa amefunga mlango na kuegemeza kinu.

"Usikune mpaka kwenye kifuu. Ukifika kwenye weusi, acha. La sivyo tui litakuwa rangi ya maji ya mtoni. Sasa kamua tui la kwanza, liweke kando, hilo zito ndilo roho ya chakula. Tia maji, kamua la pili. Hilo jepesi ndilo utakaloteleka, pamoja na chumvi. Na ukoroge mpaka lichemke. Ukiliacha kidogo tu kwenda kufukuza kuku, tui limekatika, na halirudi tena. Likichemka, tia mchele. Maji yakikaribia kukauka, mimina lile zito, geuza mara moja, funika. Ondoa kuni, acha makaa. Na makaa mengine weka juu ya kifuniko."

"Makaa juu?"

"Juu. Wali huiva chini na juu, kama mtu anavyojifunika."

Siku ile wali uliiva. Rehani aliufunua, akauona mweupe, punje imeachana na punje. Mwanvita akangoja.

"Vipi?"

"Umeiva," Rehani akasema. Kisha, kwa kuwa lilionekana jibu dogo mno, akaongeza, "Ni mtamu. Chumvi imekolea vizuri. Ukoko ni wa rangi ya dhahabu."

Upande wa pili mchi ulisimama kinuni.

"Miaka sita," alisema Mwanvita, "sijasikia mtu akisema chakula kilikuwaje. Kaka yangu akila, ananawa. Ndiyo shukrani yake."

Tangu siku hiyo Rehani akawa anasema. Yeye aliyejibu "si haba" maisha yake yote, alisimama kando ya ua wa makuti na kueleza muhogo ulivyokuwa laini, au mchuzi ulivyopungua ukwaju. Na Mwanvita akafundisha kwa moyo. Alimwambia chungu kipya kipakwe machicha ya nazi ndani na nje, kichomwe kwanza, ndipo kipikiwe, la sivyo kitapasuka. Ng'onda, yule samaki wa kukaushwa, amwoshe maji matatu kabla ya kumtia kwenye mchuzi, maana chumvi yake ya jua haikubali ushirika na chumvi nyingine. Muhogo autoe mzizi wa katikati baada ya kuchemsha, na tui la muhogo lisiwe la kuogelea. Kunde asizitie chumvi mapema.

"Ukizitia chumvi mapema zinanuna. Zitachemka mpaka alasiri na bado ngumu. Zichemshe tupu, zikilainika kabisa ndiyo utie chumvi, kitunguu, manjano, pilipili nzima bila kuipasua. Halafu embe bichi moja. Usilikate. Lifukie kwenye majivu ya moto mpaka ganda liwe jeusi, limenye, lipondeponde, ulitie pamoja na tui zito. Hiyo ni yangu mimi. Mama hakunifundisha, niliigundua mwenyewe, siku moja embe lilipoangukia motoni."

"Zitanukia moshi."

"Zitanukia ndiyo. Lakini si moshi wako ule wa siku ya kwanza."

Wakacheka wote wawili, kila mmoja upande wake wa ua.

Sharti lake lilikuwa moja tu. "Usimwambie mtu kwamba nakufundisha. Mwanamke aliyeachwa mara mbili hana jina la akiba, hili likichafuka. Kaka yangu akisikia nazungumza na mwanamume penye ua, hataniuliza tulizungumza nini."

"Sitasema," Rehani akaahidi, na aliona ahadi hiyo ni nyepesi, kwa kuwa kutosema ndiyo kazi aliyoijua kuliko zote.

Siku ya Jumatatu alichukua chano, akaweka wali wa nazi na mchuzi wa ng'onda, akafunika kawa, akaenda barazani. Mwinyijuma hakuwapo siku hiyo, amekwenda kupima kanzu za harusi Kaole. Wengine walimwona Rehani anakuja, wakasogea kumpa nafasi. Kawa likafunuliwa. Mohamedi akatia mkono wa kwanza, akatafuna, macho yakamtoka.

"Wallahi! Jamani, huyu ameoa!"

"Ameoa lini?" akauliza Mzee Msabaha.

"Kimya kimya, kama mwizi wa kuku! Mtazameni anavyoona haya. Anaitwa nani bibi harusi? Ametoka wapi, Miono? Wanawake wa Miono ndio wenye mkono wa ng'onda."

Hapo ndipo Rehani alipokosea. Angeweza kusema, nimepika mwenyewe. Lakini akaiona akilini ile mbuzi ya nazi, na yeye juu yake, na baraza nzima inacheka. Akatabasamu, akasema, "Mtamjua."

Baraza ikalipuka kwa vigelegele vya wanaume, ambavyo si vizuri lakini vina furaha. Na siku hiyo, kipande cha nguru kilipobaki katikati, hakikusukumwa kwa Rehani. Kilikwenda kwa msafiri mmoja kutoka Lugoba. Rehani alikisindikiza kwa macho, na moyo wake ukatulia kama maji ya mtungi.

Jumanne alipeleka muhogo. Jumatano akapeleka kunde.

Mwinyijuma alikuwapo Jumatano. Alikuwa mtu mnyoofu, mkavu, kofia yake haijapata kukaa upande. Alichota kunde kwa tonge la ugali, akala. Akaacha kutafuna. Akachota tena, kidogo, kama mtu anayeonja dawa. Kisha akaweka mkono wake juu ya goti.

"Rehani," akasema, "kunde hizi zimepikwa na nani?"

"Na mkewe!" akadakia Mohamedi. "Hujasikia? Bwana ana mke, anamficha kama..."

"Sikukuuliza wewe." Mwinyijuma hakupandisha sauti. "Mkono huu naujua. Naula miaka sita. Hakuna nyumba nyingine hapa Dunda inayotia embe la kuchoma kwenye kunde."

Rehani alifungua mdomo. Kama angesema ni mimi, nani angeamini, siku mbili baada ya "mtamjua"? Na kama angesema nani alimfundisha, angevunja ahadi na kumvunja mtu. Akaufunga mdomo. Mwinyijuma akanawa, akasimama, akavaa makubadhi yake, akaondoka, na kila mtu alitazama chakula chake.

Alasiri Rehani alikaa uani kwake, akasikia. Hakutaka kusikia, lakini makuti si ukuta.

"Unampikia mwanamume, Mwanvita? Unatoa chakula kwenye chungu changu unapitisha uani?"

"Sijampikia mtu, kaka."

"Ulimi wangu ni mwongo?"

"Ulimi wako sijui. Mimi sijampikia mtu."

"Basi kesho utarudi kwa ami yetu Miono. Watu wamekwisha kusikia. Huko utapika upendavyo."

Mwanvita hakulia, au kama alilia hakusikika. Hakumtaja Rehani, hakusema, ni yeye alikuja kukohoa kwenye ua wetu. Rehani akabaki amekaa na mikono yake mapajani. Alifahamu sasa hesabu ilivyo. Akinyamaza, baraza itamsamehe. Wanaume husameheana mambo kama hayo, tena kwa kicheko. Ataendelea kula na watu. Na atakayelipa ni yule.

Asubuhi yake hakwenda kwenye tanuri. Alichemsha kunde tupu, bila chumvi. Adhuhuri ilipokwisha, alikwenda mlangoni kwa Mwinyijuma, akapiga hodi.

"Nakuomba ufike barazani," akasema. "Kidogo tu. Ukishaona, sema utakalo."

Kisha watu wa Dunda wakaona jambo ambalo hawakupata kuliona. Rehani mchoma chokaa alitoka kwake mchana kweupe, mbuzi kwapani, nazi mbili mkononi, chungu cha kunde kichwani. Akaweka mawe matatu chini ya baraza ya Mzee Msabaha, akawasha moto mdogo wa kuni mbili, akateleka chungu, akafukia embe kwenye majivu. Halafu akaiweka mbuzi chini, mbele ya watu wote na njia yote, akakunja kikoi, akaikalia.

"Lahaula!" akasema mtu.

"Rehani, shuka hapo, utazaa!" Mohamedi akapiga kelele, na baraza ikaanguka kwa kicheko. Wanawake wawili waliokuwa wakipita na mitungi wakasimama. "Jamani," mmoja akasema, "tumepata mke mwenzetu, na ana ndevu!"

Rehani alisikia yote. Masikio yalimwaka kama tanuri. Mikuno ya kwanza ikaruka nje ya sahani. Lakini akainamisha kichwa, akakuna, akazungusha nazi polepole kama alivyofundishwa, akaacha alipofika kwenye weusi. Mlio wa mbuzi ukaendelea, krr, krr, na kicheko kikapungua, kwa sababu mtu hawezi kumcheka kwa muda mrefu mtu asiyeacha. Alipofika nazi ya pili walikuwa wanatazama mikono yake.

Alikamua tui. Akatia kitunguu, chumvi, manjano, pilipili nzima. Akalitoa embe, akalimenya likimuunguza vidole, akaliponda. Akalitia chunguni pamoja na tui zito, akakoroga mpaka tui likachemka. Kisha akasimama, na hili ndilo lililokuwa gumu kuliko mbuzi, akasema.

"Mlisema nina mke. Sikukataa. Hilo kosa ni langu. Sina mke. Nimepika mwenyewe siku zote tatu, na niliona haya. Hapana mwanamke aliyenipikia." Akaepua chungu, akakiweka mbele yao. "Onjeni."

Mwinyijuma alikuwa amesimama pembeni. Alikuja, akachota kwa kidole, akaonja. Alikaa hivyo, kidole mdomoni kama mtoto, muda mrefu.

"Ni zenyewe," akasema mwishowe. "Nani alikufundisha embe?"

"Jiko lenu na langu yanagawana ua wa makuti," Rehani akajibu. "Kila ukipikiwa kunde, mimi nanusa."

Maneno hayo hayakuwa uongo. Hayakuwa kweli yote pia.

"Pua haiombi ruhusa," akasema Mzee Msabaha, akavuta jamvi karibu. "Kaeni tule. Kunde zikipoa zinaganda."

Wakala. Mwinyijuma alikula, tena sana. Mwanvita hakupelekwa Miono. Na Mohamedi alimpa Rehani jina, Mama Kunde, nalo likamkaa mpaka mwisho wa maisha yake, hata waliojua chanzo chake walipokuwa hawako tena.

Lakini Mwinyijuma alikuwa mtu mnyoofu, si mjinga. Hakumwuliza dada yake neno jingine, wala Rehani. Wiki ile ile alileta mafundi wawili, wakang'oa jiko la uani, wakalijenga upya upande wa njia kuu, na mahali pa zamani pakawekwa mabanda ya kuku. Asubuhi Rehani akikaa mbele ya mafiga, alisikia kuku.

Sasa alikuwa na alichokitaka. Kila mchana alitoka na chano chake, akakaa mahali pake, hakusukumiwa kipande. Walimtania, naye akacheka. Akirudi nyumbani aliosha vyungu, akaviinamisha. Chakula kikiwa kizuri alisimama kidogo karibu na makuti, mdomo ukitaka kueleza, kisha alikwenda kufunga mlango. Barazani watu walikula na kusifu kwa jumla, "leo umepatia, Mama Kunde," wakaendelea na habari za misafara. Hawakuwa watu wa kuuliza wali ulikuwa wa rangi gani chini.

Mwinyijuma ndiye aliyeanza kuomba mabaki. Kunde zikibaki, alisema, "Nipe hizo nikale usiku, dada yangu apumzike." Akazibeba mwenyewe kwenye bakuli. Rehani alimpa, hakufikiri lolote.

Embe zilikuwa zimekwisha na watu wamehamia kwenye ukwaju, alipokutana na Mwanvita njiani kisimani. Amevaa kaniki, ukaya umefunika nusu ya uso, mtungi kichwani. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona tangu mambo yale, na alishangaa kwamba ni mfupi. Kwa sauti yake alidhani ni mrefu.

"Hujambo, bibi."

"Sijambo, bwana." Hakusimama. Alipokuwa sambamba naye, alisema huku anatazama mbele, kama anayesema na njia, "Kunde za juzi zilizidi chumvi. Na ukwaju usiuchemshe sana, unachachuka."

Akapita. Maji ya mtungi yakamwagika kidogo nyuma yake, mchanga ukayanywa.

Rehani alisimama pale mpaka mtu mwenye punda akamwambia asogee. Alikwenda kwenye tanuri, akafanya kazi mpaka jua kushuka, na hapakuwa na mtu wa kumwambia nani anakula mabaki yake.

Kesho yake alipika kunde, akapunguza chumvi. Barazani Mohamedi alionja, akakunja uso.

"Mama Kunde, leo chumvi umemwachia nani? Hazina ladha!"

"Leo ndivyo zilivyo," Rehani akasema.

Wakala kidogo tu, zikabaki nyingi. Mwinyijuma alipoleta bakuli lake, Rehani alimjazia mpaka juu.